Kanzu Iliyofuliwa Mara Mbili

Mfuko wa Mzee Sabiri ulikuwa wa turubai, zipu yake imekufa zamani, na kila baada ya siku mbili ulihama nyumba pamoja naye. Ndani mlikuwa na kanzu, msuli, kofia na taulo. Bi Mwanne aliupokea mlangoni kama afisa wa forodha. Aliuweka juu ya mkeka, akatoa kanzu, akaipeleka puani. Kanzu ilikuwa safi, imepigwa pasi, imekunjwa kama inatoka dukani. Aliitumbukiza kwenye beseni la maji.

"Si imefuliwa hiyo, Bi Mwanne?" nilimwuliza siku ya kwanza nilipomwona akifanya hivyo.

"Na nani?"

Nilikuwa bado mgeni, nikamsogezea ndoo ya maji.

"Basi haijafuliwa," alisema, akaongeza sabuni.

Nilikuwa nimepanga chumba cha uani kwake, Chemchem, Tabora mjini. Nilikuja nikiifuata ile njia ya zamani ya misafara, kutoka pwani kwenda Ujiji, nikakwama Tabora kama walivyokwama wengi kabla yangu, kila mmoja akisema anapumzika tu siku mbili tatu. Ndani ya nyumba kulikuwa na chumba chake na chumba cha mumewe. Chumba cha mume kilikaa na mtu siku mbili, kikakaa tupu siku mbili. Siku za utupu alikifagia mara nyingi zaidi.

Bi Mwanne alikuwa amepita sabini. Alizaliwa Kwihara, binti wa mkulima wa karanga, akaolewa na Sabiri wakati Sabiri ni gadi wa treni, kijana mwenye filimbi shingoni na bendera mbili kwapani. Wiki hii alikuwa njia ya Dodoma, wiki ijayo njia ya Kigoma. Mke wa gadi hujifunza kulala peke yake, naye alijifunza. Alilea watoto, akauza sokoni uyoga mkavu na nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa juani, na hakujiona mwenye taabu. Tena kila treni ya Dodoma ilipoingia, Sabiri alimletea chupa ya asali. Ilikuwa asali nyeupe, nzito, ya Goweko.

"Niliila kwa mkate, niliila kwa uji, na wanangu nikawalambisha wakikohoa," aliniambia. "Namsifu mbele ya wenzangu sokoni. Waume wenu wanaleta uchovu, wangu analeta asali. Miaka nimekula. Siku moja mke wa mkaguzi wa tiketi akaniuliza, 'Na yule mama asali wenu hajambo?'"

Mama asali alikuwa Zuwena, aliyewauzia abiria asali madirishani treni iliposimama Goweko. Bi Mwanne hakupiga kelele. Ndoa ilipotangazwa, alisimama jikoni akapika pilau ya harusi kwa mkono wake, akaionja mara kwa mara, isije ikazidi chumvi watu wakasema machozi yamemdondokea sufuriani. Sabiri akamjengea Zuwena nyumba upande wa Ng'ambo. Tangu siku ya pilau ile Bi Mwanne hajaweka asali mdomoni, ya Goweko wala ya kwingine.

Jioni moja nilimwambia kwamba Waganda humwita mke mwenza muggya, na wivu kwao ni obuggya, na kwamba Wajaluo nao maneno hayo mawili kwao ni ndugu. Waswahili peke yao ndio waliochagua kusema mwenza, kama vile mtu wa safari moja.

"Hao Waganda hawana unafiki," alisema. "Ningewapenda."

Ujanani alimwonea Zuwena wivu kwa mambo ambayo mtu yeyote angeyakisia. Uzee ulikuwa umeuhamisha wivu huo, haukuupunguza. Sasa alimwonea wivu kwa magoti. Zuwena hakuwa amefika sitini. Alichuchumaa na kuinuka bila kushika ukuta. Alikuwa na meno yake yote. Alitunga uzi kwenye sindano akiwa amesimama kivulini. Na zaidi ya yote alikuwa na mgongo. Mzee Sabiri akishindwa kuinuka kwenye kiti cha kuogea, Zuwena humshika kwapani akamwinua, wakaendelea na maongezi. Bi Mwanne alilijua hilo kwa sababu Mzee mwenyewe alilisema, kwa ujinga wa wanaume, tena akiwa bado kwenye kiti cha kuogea na mkewe mkubwa akihangaika kumwinua kwa kamba ya khanga.

"Zuwena huninyanyua tu," alisema.

"Basi kamwite," alijibu Bi Mwanne, na akamwacha pale mpaka alipopata nguvu ya kujaribu tena.

Sukari ilimpata Mzee Sabiri baada ya kustaafu. Ilianza na kiu, ikaja na kidonda cha kidole gumba kilichokataa kufunga, ikamalizia na macho. Alikuwa anakaribia themanini, akitembea kwa fimbo, akisahau ya jana na kukumbuka stesheni zote za reli ya kati. Wake zake wakimbana kwa swali gumu, au wakimtumia maneno ya kupelekeana, alijibu kwa stesheni.

"Kidole hiki kimechubuka wapi, Baba Fikiri? Kule hawakuvalishi viatu?"

"Tura," alisema Mzee, macho juu ya dari. "Malongwe. Nyahua. Goweko."

"Goweko treni haisimami," alisema Bi Mwanne. "Pita."

"Igalula," alisema Mzee, mtiifu.

Zamu zilikuwa siku mbili kwa mkubwa na siku mbili kwa mdogo, na alihama magharibi, kwa kuwa kwa desturi yao siku mpya huingia jua likizama. Bajaji ya kijana waliyemzoea ilimchukua na kumfikisha. Kliniki walikuwa wameeleza kwamba vidonge ni viwili kwa siku, kimoja asubuhi, kimoja jioni, na chakula kifuate. Bi Mwanne ndiye aliyezichukua dawa kila mwezi, maana kadi ya kliniki ilikaa kwake, ndani ya kasha lenye cheti chake cha ndoa. Alizigawa katika makopo mawili na kutuma moja kwa bajaji.

"Kwa nini zisikae sehemu moja?" niliuliza.

"Ili aje kunibishia hodi kila siku, ati kafuata kidonge? Aone nimepika nini, aone natembeaje? La. Makopo mawili."

Hapo ndipo palipokuwa na siri yake. Hakutaka Zuwena aone anavyotembea. Goti la kulia lilikuwa limevimba na asubuhi lilikataa kukunjika. Hospitali hakwenda, kwa sababu Tabora ni mji mdogo na habari ya goti ingefika Ng'ambo kabla yake. Mwanawe Fikiri, aliye Mwanza, alikuwa ameshasema kwenye simu, kwa upole wa watu walio mbali, kwamba ingefaa baba akae nyumba moja, kwa yule mwenye nguvu. Bi Mwanne alikata simu akisema mtandao mbaya. Tangu hapo aliogopa jambo moja tu: kwamba siku moja wanawe watakaa kikao, watahesabu magoti ya nani yanafaa, na mfuko wa turubai utakwenda Ng'ambo usirudi.

Kwa hiyo aliposhikwa na jambo la pili, hakumwambia mtu. Dawa zilianza kuisha kabla ya tarehe ya kliniki. Alilitikisa kopo, akamimina vidonge kitambaani, akavihesabu karibu na dirisha, akavirudisha. Nilimwona, nikadhani anavipenda kama shanga. Yeye alidhani akili yake imeanza kuvuja.

Jambo la tatu alilisema kwa sauti, maana hilo lilimfaa. Kila jioni Mzee alipoingia kutoka kwa Zuwena, kabla chakula hakijaiva, alitokwa jasho. Mikono ilitetemeka, maneno yakapotea, akamwita mkewe jina la dada yake aliyekufa. Akishakula anatulia.

"Umeona?" Bi Mwanne aliniita nije nishuhudie. "Kila akitoka kule. Huyu anakuja na njaa ya siku mbili. Au amelishwa kitu."

Alimhoji akiwa bado analamba vidole.

"Umekula nini huko?"

"Chakula."

"Kitamu?"

Mzee hakuwa amefanya kazi ya ugadi bure. "Kimeiva," alisema.

Nami niliamini kama alivyoamini yeye. Niliangalia lile jasho nikamfikiria mwanamke wa Ng'ambo nisiyemjua, na nikamchukia kidogo, kwa kuwa nilikula ugali wa upande huu.

Alhamisi moja ilikuwa zamu ya kutoka. Baada ya sala ya alasiri Bi Mwanne alimvalisha Mzee kanzu aliyoifua yeye, akaufunga mfuko kwa uzi, akamsimamisha mlangoni. Alifungua kopo.

"Achama."

Mzee aliachama. Alimwekea kidonge, akamnywesha maji, akaangalia chini ya ulimi.

"Si apewe pamoja na chakula?" niliuliza, kwa kuwa sufuria ilikuwa jikoni na mboga imo.

"Chakula cha magharibi ni cha mwenye magharibi," alisema. "Sitamlishia mumewe. Lakini dawa, mtu hatoki mlangoni kwangu bila dawa. Akianguka kule, waseme alitoka kwangu mzima."

Bajaji iliondoka. Bi Mwanne aliingia chumba cha Mzee na ufagio.

Magharibi ilikuwa imeshaadhiniwa na giza linaingia tuliposikia bajaji imerudi, na sauti ya mwanamke nisiyoijua ikiita mlangoni.

"Hodi, Bi Mkubwa. Hodi tafadhali."

Bi Mwanne alisimama katikati ya ua. Alitazama goti lake kwanza, kisha mlango. Miaka yote hiyo Zuwena hakuwahi kubisha hodi pale.

"Nani?"

"Zuwena. Nimekuja na Mzee. Hasemi."

Tulitoka. Mzee Sabiri alikuwa kwenye kiti cha nyuma cha bajaji, kichwa kwenye paja la Zuwena, kanzu imelowa jasho kama ametoka mtoni. Midomo ilikuwa ikicheza bila sauti. Zuwena alikuwa mwanamke mpana, mweusi wa kung'aa, na mkono wake mmoja bado ulikuwa na unga wa karanga.

"Umemfanya nini?" alisema Bi Mwanne.

"Nimekuja kuchukua kadi," alisema Zuwena. "Tukagombane hospitali, Bi Mkubwa. Panda."

Alipanda. Alipandisha goti bovu kwa mikono miwili, kama mtu anayepakia gunia, na Zuwena aliliona. Mimi nilifuata kwa bodaboda na shuka na chupa ya chai. Walipofika hospitali ya mkoa, Kitete, Zuwena hakungoja kitu. Aligeuka, akachuchumaa, akamvuta Mzee mgongoni, akasimama naye na kutembea. Bi Mwanne alifuata nyuma akiwa amebeba fimbo na kofia. Aliniambia baadaye kwamba hata pale, hajui kama mume yu hai, aliutazama ule mgongo na akauonea wivu mpaka akasikia uchungu mdomoni.

Nesi wa zamu aliitwa Consolatha, mama mwembamba mwenye miwani kwenye kamba. Alimtoboa Mzee kidole, akasoma kile kipimo, akaita mwenzake, na kwa muda hatukuwa na la kufanya ila kuona dripu ikiwekwa na watu wakienda haraka. Kisha Mzee akafumba mdomo, akaufumbua, akasema, "Itigi."

"Hapo sawa," alisema nesi. "Sukari ilikuwa imeshuka sana. Kidogo tu angezimia moja kwa moja."

"Imeshuka?" alisema Bi Mwanne. "Si ndiyo tuliyoambiwa ishuke?"

"Ishuke, isiishe, mama. Amekula saa ngapi?"

"Mchana, kwangu. Ugali wa mtama."

"Na usiku huu?"

"Nilikuwa natwanga karanga," alisema Zuwena polepole. "Nilitaka leo ale mchuzi wa karanga mbichi. Nikachelewa."

Bi Mwanne alimgeukia na uso wa mtu aliyeshinda kesi. Nesi hakumpa nafasi.

"Na dawa ya jioni? Nani amempa?"

"Mimi," alisema Bi Mwanne.

"Mimi," alisema Zuwena.

Walisema pamoja. Nesi Consolatha aliivua miwani ikabaki inaning'inia kifuani.

"Nani wa kwanza?"

"Mimi, anapotoka," alisema Bi Mwanne. "Sikumwachia huyu. Angeweza kusahau."

"Mimi, anapofika," alisema Zuwena. "Nilijua kule hapewi."

"Na anapotoka kwako kuja kwangu?"

"Nampa mlangoni."

"Unampa? Bila chakula?"

"Chakula si ni zamu yako?"

Bi Mwanne alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Nilimwona anarudi nyuma, jioni hadi jioni, jasho hadi jasho. Kila mara Mzee alipoingia mlangoni kwake kutoka Ng'ambo akiwa na kidonge tumboni, yeye alimwongezea cha pili, akasimama na kushangaa kwa nini anatetemeka, na akapata sababu mpya ya kumchukia mwenzake. Na kopo lililoisha mapema lilikuwa limeishia kwa mkono wake mwenyewe, akili yake ikiwa nzima.

"Alikuwa anatoka jasho kwangu," alisema Zuwena. "Kila akitoka kwako. Nikasema huyu mama anamshindisha njaa."

"Mimi nilisema umemlisha kitu."

"Nilijua unasema. Mwenye bajaji ana mdomo."

Nesi alisema Mzee atalala pale mpaka kesho, maana dawa ile hukaa mwilini, na sukari inaweza kushuka tena. "Atakayebaki naye ni mmoja. Na kuanzia leo dawa ishikwe na mtu mmoja, kopo moja. Nani?"

"Mimi," walisema wote wawili.

"Nendeni kwenye benchi," alisema nesi. "Mkikubaliana mniite. Nina wagonjwa wengine, na wao wana mke mmoja mmoja."

Benchi lilikuwa nje ya wodi. Walikaa kila mmoja kwenye ncha yake, na mimi nikawekwa katikati na chupa ya chai kama ukuta. Niliwamiminia.

"Goti," alisema Zuwena.

"Halina kitu."

"Nimeliona kwenye bajaji."

"Umeliona, sasa kalitangaze. Fikiri anasubiri. Mpigie mwambie mama yake hawezi kupanda bajaji, mzee aje kwako moja kwa moja. Mgongo unao."

Zuwena alicheka kwa pua. "Mgongo. Unajua mgongo huu nikimwinua usiku wake silali? Nalala kwenye ubao. Namwinua haraka haraka huku napiga stori asije akaniona nimekunja uso, akaja kukuhadithia." Aligeuza kikombe mkononi. "Na mimi ananihadithia wewe. Mwanne ugali wake hauna madonge. Mwanne anakata kucha haumii. Mwanne hakumbushwi kliniki. Hivi unadhani mimi ninapiga pasi ile kanzu kwa ajili ya nani? Napiga uione wewe."

"Naifua."

"Unafua nini?"

"Kanzu yako. Ikifika naifua tena."

Zuwena alimtazama, kisha akanitazama mimi, kama anayetafuta shahidi. "Na mimi naifua ya kwako," alisema. "Ndiyo maana imechanika kwapa. Nikasema huyu mama ana kucha."

Bi Mwanne alijaribu kuzuia, lakini kicheko kilimtoka puani pamoja na chai. Aliifuta kwa ncha ya khanga, akawa mkali tena mara moja.

"Usidhani tumepatana."

"Nani kasema?"

"Kopo linakaa kwangu."

"Likae," alisema Zuwena. "Kliniki unaijua wewe. Tena mimi maandishi yale madogo siyasomi, sikukaa shule. Lakini nakwambia, kila jioni nitamleta mwenyewe. Awe zamu yako, awe zamu yangu, anameza mbele yako na anakula palepale. Kidonge cha asubuhi utanipa kimoja, nakifunga kwenye khanga. Utanivumilia?"

Niliona Bi Mwanne akipima. Alikuwa anapewa alichokitaka, na bei yake ilikuwa kumwona mwanamke huyu mlangoni kila siku aliyobakiza duniani.

"Utakuja na mboga yako," alisema mwishoni. "Sitakulisha."

"Nitakuja nayo."

"Na leo bakia wewe. Mimi siwezi kulala chini." Alinyanyuka kwa kunishika bega, akamtupia Zuwena lile shuka. "Hilo ni la kwake. Usijifunike wewe."

Kesho yake nilimwona nesi Consolatha akiwaeleza wote wawili dalili za kuangalia. Jasho, kutetemeka, kusema ovyo. Wakiona hivyo wampe haraka kitu kitamu, sukari au asali, ndipo chakula. Jioni yake Zuwena alikuja Chemchem, Mzee mkono mmoja, sufuria ya mboga mkono wa pili, na kwapani chupa.

"Nini hiyo?" aliuliza Bi Mwanne, ingawa alijua. Ilikuwa nyeupe, nzito.

"Dawa. Umesikia nesi."

"Sukari ninayo."

"Sukari ina chengachenga. Akishaanza kutetemeka atapaliwa."

Bi Mwanne aliichukua kwa vidole viwili, kama mtu anayemshika panya mkia, akaiweka juu kabisa ya kabati, nyuma ya taa ya chemli.

Hivyo ndivyo jioni za Chemchem zilivyobadilika. Sitasema zilikuwa za amani. Walishindana kwa kila kitu: nani amkande Mzee miguu, nani amtolee samaki miiba, chumvi ya nani imezidi. Zuwena alileta mafuta ya mgando yaliyochemshwa na tangawizi, akayaweka karibu na Bi Mwanne bila kusema ni ya nini. Yalikaa pale chini siku kadhaa. Kisha jioni moja goti lilipouma mpaka machozi, Bi Mwanne aliunyoosha mguu juu ya mkeka akatazama pembeni, na Zuwena akaanza kukanda. Mzee Sabiri, aliyekuwa kwenye kiti chake na miguu bado haijakandwa, aliwatazama kwa muda.

"Na mimi?" alisema.

"Subiri zamu yako," alisema Bi Mwanne.

Mzee hakufurahi. Alitaja stesheni zote mpaka Dodoma kwa sauti ya manung'uniko, na hakuna aliyemsikiliza.

Nilikuwa nimeshafunga mizigo yangu kwenda Urambo, na kutoka huko niendelee magharibi, jioni ya mwisho niliyowaona. Chakula kilikuwa mekoni. Mzee alikuwa ametembea sana mchana, kwenda msikitini na kurudi kwa miguu, akikataa bajaji kwa ubishi tu. Alikaa, na kabla hajapewa hata kidonge, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Mkono ulianza kutetemeka juu ya fimbo.

"Asali," alisema Zuwena, lakini yeye alikuwa amemshika Mzee kifuani asianguke.

Bi Mwanne alikuwa ameshanyanyuka. Sikuona alivyonyanyuka, goti lile lilimsahau kidogo. Alipanda kwenye kigoda, mkono ukapapasa nyuma ya taa, akashuka na chupa. Aliifungua kwa meno, akachota kijiko, akamtia Mzee mdomoni, akamfunga taya kwa kiganja.

"Meza. Meza, Baba Fikiri. Pole pole."

Akachota cha pili. Walimshika wote wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma, wakimtazama uso kama watu wanaongoja maziwa yachemke. Baada ya muda mkono wake ukatulia. Alimeza mate, akawatazama mmoja baada ya mwingine, akawajua.

"Goweko," alisema.

Safari hii hakuna aliyemwambia apite. Zuwena alikwenda kupakua chakula. Bi Mwanne alibaki amesimama na kijiko, akipumua, na mkono wake, kwa mazoea ya wanawake wote waliowahi kulisha mtu, ukakipeleka kijiko mdomoni ukakilamba kikawa safi. Alipogundua, kilikuwa kimeshatoka. Alisimama akiusikiliza ulimi wake.

Zuwena alikuwa amegeuka na sahani mkononi. Alimwona. Alingoja.

"Ya mwaka huu," alisema Bi Mwanne, akifunga kizibo kwa nguvu, "ina maji."

"Nilijua utasema hivyo," alisema Zuwena, akampa Mzee sahani.

Bi Mwanne hakuirudisha chupa juu ya kabati. Aliiweka mezani, upande wake.